Udhibiti wa ioni za metali katika seli

Udhibiti wa ioni za metali katika seli ni jumla ya njia ambazo seli hai hutumia kupata, kusafirisha, kutunza na kutoa ioni za metali zinazohitajika kwa uhai, kama vile chuma, shaba, zinki, kalsiamu, sodiamu na potasiamu. Kila moja ya metali hizo ni ya lazima, lakini kila moja hudhuru ikizidi au ikiwa mahali pasipo pake. Kwa hiyo seli haziachi kiasi cha metali kiamuliwe na chakula au mazingira peke yake, bali hukisimamia wakati wote.

Jambo hili lina umuhimu mkubwa katika tiba na lishe. Mfano mmoja unaojulikana sana duniani ulitokea Zanzibar. Mwaka 2003 sehemu ya jaribio la kuwapa watoto wadogo wa kisiwa cha Pemba nyongeza ya chuma ilisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu watoto waliopewa chuma waliugua vikali zaidi kuliko wasiopewa.

## Metali zinazohitajika

Ioni ya metali ni atomi ya metali iliyopoteza elektroni moja au zaidi, hivyo ina chaji chanya. Metali za lazima hugawanywa katika makundi mawili kwa kufuata kiasi chake mwilini.

Kundi la kwanza ni la metali zinazohitajika kwa wingi:

- Sodiamu (natiri) na potasiamu (kali) hutumika katika usawa wa maji na katika kazi ya neva na misuli.
- Kalsiamu (kalisi) hujenga mifupa na meno, na ndani ya seli hutumika kupeleka ishara.
- Magnesiamu (magnesi) huambatana na ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Katika mimea imo katikati ya kila molekuli ya klorofili.

Kundi la pili ni la metali zinazohitajika kwa kiasi kidogo sana:

- Chuma hubeba oksijeni katika hemoglobini na hupitisha elektroni katika mitokondria.
- Zinki hushikilia umbo la protini nyingi na husaidia vimeng'enya vingi.
- Shaba hutumika katika hatua ya mwisho ya upumuaji wa seli.
- Manganisi, kobalti na molibdeni zina kazi katika vimeng'enya maalumu. Kobalti ni sehemu ya vitamini B12.

Mwili wa mtu mzima una takriban kilo 1 ya kalsiamu, karibu yote ikiwa katika mifupa. Chuma ni gramu 3 hadi 4 tu, zinki gramu 2 hadi 3, na shaba ni takriban gramu 0.1.

## Sababu za kudhibiti

Sababu ya kwanza ni sumu. Chuma na shaba hupokea na kutoa elektroni kwa urahisi, na ndiyo maana vinafaa katika upumuaji. Lakini ioni ya chuma iliyo huru ikikutana na peroksidi ya hidrojeni, ambayo seli huizalisha kila siku, hutokea radikali ya haidroksili. Radikali hiyo huharibu DNA, protini na mafuta ya utando wa seli. Mmenyuko huo huitwa mmenyuko wa Fenton, kwa jina la mwanakemia Mwingereza Henry Fenton aliyeueleza mwaka 1894.

Sababu ya pili ni ushindani. Metali hazishikamani na protini kwa nguvu sawa. Mfuatano wa Irving na Williams unaonyesha kwamba manganisi hushika kwa udhaifu, chuma kwa nguvu zaidi kidogo, na shaba kwa nguvu kuliko zote za kundi hilo, huku zinki ikiwa chini ya shaba. Kama metali zote zingeachwa huru kwa kiasi sawa, shaba ingechukua nafasi za nyingine na vimeng'enya vingi vingeacha kufanya kazi. Ndiyo maana seli huweka shaba huru katika kiwango cha chini mno. Utafiti wa hamira uliotangazwa mwaka 1999 ulikadiria kwamba kila seli ina chini ya ioni moja ya shaba iliyo huru kabisa.

Sababu ya tatu ni kwamba seli hutumia tofauti ya viwango kufanya kazi. Kalsiamu katika majimaji ya seli iliyotulia ni pungufu mara 10,000 hivi kuliko nje ya seli. Kwa sababu hiyo mlango mdogo ukifunguliwa, kalsiamu huingia kwa kasi na seli hupata ishara: msuli hujikaza, au tezi hutoa homoni. Tofauti hiyo ikipotea, ishara nayo hupotea.

## Njia za jumla

Seli za bakteria, mimea na wanyama hutumia njia nne za msingi.

Milango na pampu. Utando wa seli haupitishi ioni ovyo. Ioni hupita katika protini maalumu zilizopenya utando. Baadhi ni milango inayoacha ioni ishuke kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Nyingine ni pampu zinazotumia nishati kuisukuma ioni ielekee upande wenye wingi. Pampu ya sodiamu na potasiamu, iliyogunduliwa na Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957, hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu kwa kila molekuli ya ATP. Skou alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1997.

Wachukuzi. Metali zenye hatari hazizunguki peke yake. Huchukuliwa na protini hadi mahali zinapohitajika, kama hamali anayekabidhi mzigo mkononi mwa mwenyewe bila kuuweka chini njiani.

Ghala. Ziada hufungiwa ndani ya protini au katika vyumba vya ndani ya seli. Feritini ni ghala la chuma. Ina vipande 24 vilivyounganika kama mpira ulio wazi ndani, na inaweza kubeba hadi atomi 4,500 hivi za chuma. Metalothionini, iliyotambuliwa mwaka 1957 katika figo ya farasi, hushika zinki na shaba, pamoja na metali za sumu kama kadimi.

Vihisio. Seli ina protini zinazopima kiasi cha metali na kubadilisha kazi ya jeni. Katika bakteria wengi protini iitwayo Fur hushikana na chuma kinapokuwa cha kutosha, kisha huzima jeni za kukitafuta. Chuma kikipungua, Fur huachia na jeni hizo huwaka tena.

## Mfano wa chuma

Katika mwili wa binadamu, chuma ndiyo metali ambayo udhibiti wake umechunguzwa kwa kina zaidi.

### Kuingia na kusafiri

Chuma cha chakula hufyonzwa hasa katika duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Kwa siku mtu mzima hufyonza miligramu 1 hadi 2 tu. Kiasi kikubwa zaidi, miligramu 20 hadi 25, hutoka ndani ya mwili wenyewe. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huliwa na makrofaji katika wengu na ini, na chuma chake hurudishwa kutumika upya.

Chuma hutoka katika seli za utumbo na makrofaji kupitia protini moja tu inayojulikana, feropotini. Katika damu hupokewa na transferini, ambayo kila molekuli yake hubeba ioni mbili. Seli inayohitaji chuma huweka vipokezi vya transferini juu ya utando wake na kuivuta ndani.

### Homoni ya hepsidini

Mwili hauna njia maalumu ya kutoa chuma kilichozidi. Hupotea kidogo kwa seli zinazobanduka na kwa damu inayotoka, kwa mfano katika hedhi. Hivyo udhibiti wote hutegemea lango la kuingilia.

Mlinzi wa lango hilo ni hepsidini, homoni ndogo inayotengenezwa na ini na iliyoelezwa kwa mara ya kwanza miaka ya 2000 na 2001. Hepsidini hushikana na feropotini na kusababisha ivunjwe. Chuma kikiwa kingi mwilini, hepsidini hupanda, lango hufungwa, na chuma hubaki ndani ya seli za utumbo hadi zibanduke. Chuma kikipungua, au mwili ukihitaji kutengeneza damu nyingi, hepsidini hushuka na lango hufunguka.

### Ndani ya seli

Kila seli ina udhibiti wake pia. Protini mbili, IRP1 na IRP2, husimamia matumizi ya RNA mjumbe. Chuma kikiwa kidogo, hushikana na RNA ya feritini na kuzuia isisomwe, kwa kuwa hakuna haja ya ghala wakati hakuna cha kuweka. Wakati huohuo huilinda RNA ya kipokezi cha transferini isivunjwe, ili seli ivute chuma zaidi. Chuma kikiwa kingi, protini hizo huachia, na mambo yote mawili hugeuka.

## Chuma na vijidudu vya maradhi

Bakteria na vimelea nao wanahitaji chuma ili kuongezeka. Mwili hutumia hali hiyo kama silaha: maambukizi yakianza, huwaficha chuma. Mwanabiolojia Mmarekani Eugene Weinberg aliupa mkakati huo jina la kinga ya lishe katika miaka ya 1970.

Uvimbe na homa vinavyotokana na maambukizi humfanya mtu atoe hepsidini nyingi, hata kama chuma chake hakijazidi. Chuma hufungiwa ndani ya makrofaji na kiasi chake katika damu hushuka. Maziwa ya mama yana laktoferini, protini inayoshika chuma kisipatikane kwa bakteria. Seli nyeupe za damu hutoa kalprotektini, ambayo hunyima vijidudu zinki na manganisi.

Vijidudu nao wana mbinu zao. Bakteria wengi hutoa molekuli ndogo ziitwazo siderofori, zenye nguvu kubwa ya kunyakua chuma. Mwili hujibu kwa siderokalini, protini inayozikamata baadhi ya siderofori hizo kabla hazijarudi kwa bakteria.

Kutokana na hayo, kipimo kinachoonyesha chuma kidogo katika damu kinaweza kuwa na maana mbili. Pengine mtu amepungukiwa na chuma kweli. Pengine anacho, lakini mwili umekificha kwa sababu ya maradhi. Maana hizo mbili zinahitaji tiba tofauti.

## Jaribio la Pemba

Upungufu wa damu umekuwa tatizo la muda mrefu kwa watoto wa Zanzibar. Tafiti za miaka ya 1990 kwa wanafunzi wa Pemba zilionyesha kwamba safura, minyoo wanaonyonya damu utumboni, walichangia sana kupoteza chuma, na malaria iliongeza tatizo kwa watoto wadogo. Kwa kuwa chuma kinahitajika pia kwa ukuaji wa ubongo, ilionekana ni busara kumpa kila mtoto nyongeza ya chuma bila kupima kwanza.

Wazo hilo lilijaribiwa Pemba na watafiti wa Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, pamoja na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani na Wizara ya Afya ya Zanzibar. Kiongozi wa utafiti alikuwa Sunil Sazawal. Watoto wa umri wa miezi 1 hadi 35 waligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi walipewa kila siku miligramu 12.5 za chuma na asidi ya foliki (nusu yake kwa walio chini ya mwaka mmoja), pamoja na zinki au bila zinki. Wengine walipewa kidonge kisicho na dawa. Ulinganisho wa chuma ulihusu watoto 24,076.

Mwezi Agosti 2003 kamati ya kusimamia usalama ilishauri utoaji wa chuma usimamishwe. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2006. Watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufariki au kupata ugonjwa mkali wa kutibiwa hospitalini, na asilimia 11 zaidi wa kulazwa. Vifo peke yake vilikuwa vingi zaidi kwa asilimia 15, ingawa kitakwimu tofauti hiyo ingeweza kuwa ya bahati tu.

Ndani ya jaribio kulikuwa na uchunguzi mdogo ambamo watoto walipimwa damu mwanzoni na kupata matibabu ya karibu ya malaria. Humo, watoto waliokuwa na upungufu wa kweli wa chuma walifaidika: walipata matatizo machache kuliko wenzao wasiopewa. Jaribio la namna hiyo lililofanywa Nepal, mahali ambapo malaria ilikuwa nadra, halikuonyesha ongezeko la vifo.

Maelezo yaliyopendekezwa yanahusu udhibiti uliokwisha elezwa. Dozi ya chuma kinywani hupandisha chuma katika damu kwa haraka, na sehemu yake inaweza kubaki bila kushikwa na transferini, ikapatikana kwa vijidudu. Pia chuma huchochea utengenezaji wa chembe nyekundu changa, ambazo kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, huzivamia kwa urahisi. Kwa mtoto asiyepungukiwa, nyongeza hiyo haikuziba pengo lolote.

Baada ya jaribio hilo, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilibadilisha ushauri wake. Mwongozo wake wa mwaka 2016 unasema kwamba penye malaria watoto wapewe chuma sambamba na hatua za kuzuia, kupima na kutibu malaria. Hali ya Zanzibar yenyewe imebadilika tangu wakati huo. Dawa mseto za malaria zilianza kutumika mwaka 2003, zikafuatwa na vyandarua vyenye dawa na upuliziaji majumbani, na kiwango cha maambukizi kikashuka sana.

Matokeo ya Pemba hayana maana kwamba chuma ni kibaya kwa kila mtu. Magharibi mwa Kenya, jaribio la wajawazito 470 lililochapishwa mwaka 2015 halikuonyesha ongezeko la malaria kwa waliopewa chuma, na watoto wao walizaliwa na uzito mkubwa zaidi.

## Metali nyingine katika tiba

Zinki huingia na kutoka katika majimaji ya seli kwa makundi mawili ya protini: ZIP huiingiza na ZnT huitoa. Mwili hauna ghala kubwa la zinki, na kuhara huipoteza haraka. Mwaka 2004 WHO na UNICEF zilishauri mtoto anayeharisha apewe zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6.

Zinki hiyo hutolewa pamoja na maji ya chumvi na sukari (ORS), ambayo nayo hutegemea udhibiti wa ioni. Katika utumbo kuna protini inayoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji huzifuata. Njia hiyo hubaki wazi hata wakati wa kipindupindu, na ndiyo sababu chumvi na sukari zikichanganywa kwa kipimo sahihi huokoa maisha, wakati maji matupu hayatoshi.

## Mifano kutoka Unguja

Kanuni hizohizo hufanya kazi katika viumbe wengine, na kisiwa cha Unguja kina mifano mingi.

Ukitoka Tunguu, katika Wilaya ya Kati, kuelekea pwani ya mashariki, unaingia katika ardhi ya maweni, yaani mawe yaliyotokana na matumbawe ya kale. Mawe hayo ni kalsiamu kaboneti, ambayo wanyama wa matumbawe waliitengeneza kwa kusukuma kalsiamu ya bahari hadi mahali pa kujenga mifupa yao. Udongo wenye chokaa nyingi hupunguza uasidi, na chuma chake hakiyeyuki kwa urahisi ingawa kipo. Mmea ukikosa chuma, majani yake machanga huwa ya manjano huku mishipa ikibaki ya kijani. Kunde na mpapai hukabili hali hiyo kwa kutoa asidi mizizini na kubadilisha chuma kiwe cha aina inayoyeyuka. Mahindi na mtama, ambayo ni ya jamii ya nyasi, hutoa molekuli za kunyakua chuma, zinazofanya kazi kama siderofori za bakteria.

Katika Ghuba ya Chwaka, mikoko huishi penye maji ya chumvi. Mchu hutoa sodiamu iliyozidi kupitia tezi za majani, na chembe za chumvi huweza kuonekana juu ya jani.

Pweza anayevuliwa kwenye miamba ya pwani hiyo hana hemoglobini. Oksijeni yake hubebwa na hemosianini, protini yenye shaba, ndiyo maana damu yake huwa ya buluu inapokutana na hewa.

## Magonjwa ya udhibiti

- Ugonjwa wa Wilson: pampu ATP7B ya ini haifanyi kazi, shaba haitoki katika nyongo, hivyo hurundikana katika ini na ubongo.
- Ugonjwa wa Menkes: pampu ATP7A ina kasoro, shaba haivuki kutoka utumbo kwenda mwilini, na mtoto hupungukiwa nayo.
- Hemokromatosi: hepsidini ni pungufu, lango la chuma hubaki wazi, na chuma huharibu ini, moyo na kongosho.
- Ziada ya chuma kutokana na kuongezewa damu: huwapata baadhi ya wagonjwa wa selimundu na thalasemia wanaoongezewa damu mara nyingi. Hutibiwa kwa dawa zinazoshika chuma na kukitoa. Mojawapo, deferoksamini, ni siderofori iliyopatikana kutoka bakteria wa jenasi Streptomyces.

## Maana kwa lishe ya kila siku

Chuma cha samaki na nyama hufyonzwa kwa urahisi kuliko cha mchicha, maharage na nafaka. Ndimu, embe na matunda mengine yenye vitamini C husaidia ufyonzaji wa chuma cha mimea, kwa kukibadilisha kiwe cha aina inayopita utandoni. Chai na kahawa vikinywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzaji huo, hivyo ni bora vinywewe kati ya mlo mmoja na mwingine.

Vidonge vya chuma ni dawa. Wajawazito hushauriwa kuvitumia kama walivyoelekezwa kliniki. Mtoto mwenye homa au anayeonekana kupungukiwa damu anafaa kupimwa damu na malaria kwanza, kwa kuwa tiba ya aliyepungukiwa na chuma siyo tiba ya yule ambaye mwili wake umekificha. Vidonge hivyo viwekwe mbali na watoto, kwani dozi kubwa kwa mara moja ni sumu inayoweza kuua.